Taya Langu Ukutani

Kule Asembo Bay injini ya boti ikiibwa, ufuo hufungwa. Hakuna boti inayotoka mpaka mwizi apatikane, na siku hiyo hakuna anayepata samaki. Ndiyo maana watu humtafuta kwa hasira. Asubuhi ile walianza kunusa mikono ya vijana. Mwenye mikono inayonuka petroli na hana injini yake, ajieleze.

Mikono yangu ilinuka. Jana yake nilikuwa nimetoa rangi kuukuu kwenye boti ya mjomba, nikisugua kwa petroli. Ni jambo la kusema kwa maneno machache, lakini watu wakinizunguka ulimi wangu huganda.

"Omera, ndugu yangu, sema! Injini iko wapi?" mmoja akanisukuma kifuani.

"Mwacheni, anatafuta uongo mzuri," mwingine akasema, wakacheka.

"Jakuo!" akapiga kelele mama mmoja anayeuza samaki. Mwizi.

Ngumi ya kwanza ilinipata sikioni. Nikaanguka kwenye magamba ya samaki. Wakanipiga mateke ya mbavu na mgongo, nikajikunja. Mtu akanishika nywele akaniinua kichwa, mwingine akanipiga kwa kasia. Nilisikia mfupa ukivunjika ndani ya kichwa changu, kama mtu anavunja muwa. Meno yalitoka na damu. Sasa nilitaka kusema, maneno yote nilikuwa nayo, lakini mdomo ulining'inia. Wakaendelea kupiga. Mtu akaleta tairi. Mwenyekiti wa ufuo ndiye aliyelikataa, na si kwa huruma. Alisema moshi wake utaharibu dagaa wa omena walioanikwa.

Wakanitupa nyuma ya pikapu. Tulipofika hospitalini Kisumu, mwenyekiti aliwaambia wauguzi, "Huyu ni mwizi wa injini," akaondoka.

Mchana wa siku ileile injini ilipatikana majini, chini ya boti yenyewe. Skrubu zake hazikuwa zimekazwa, ikachomoka. Boti zikatoka kuvua. Hakuna mtu aliyekuja hospitalini kusema.

Zamani, mtu wa huku aliyevunjika taya vibaya hivyo alipelekwa Nairobi, au alibaki nyumbani akapona kombo. Lakini wiki ile madaktari wa chama cha upasuaji wa taya na uso walikuwa wamekuja Kisumu na vyombo vyao, kambi yao ya kwanza kando ya ziwa. Daktari mmoja mrefu alilishika taya langu kwa mikono miwili, akalivuta mpaka nikaona giza. Baadaye akalitia chuma, akafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya. Nikawa wa kunywa uji kwa mrija. Mama aliwaeleza wauguzi habari ya injini. Walisema pole. Daktari alikuwa amesharudi kwao.

Mwaka huu chama kilifanya sherehe katika ukumbi mmoja Milimani, Kisumu, nami nikaalikwa pamoja na mama na watu kadhaa wa Asembo. Ukutani walikuwa wametundika mbao zenye picha za safari yao. Yule daktari mrefu sasa ndiye mwenyekiti wa chama, na alitembeza wageni akieleza kwa spika ya mkononi. Ubao wa kwanza ulionyesha madaktari wachache wamekaa kwenye sebule ya mwenzao, siku walipokianzisha chama. Wa pili ulionyesha siku walipopewa chumba chao wenyewe cha upasuaji. Wa tatu ulikuwa uso wangu uliovimba, jicho moja limefumba.

Daktari akasoma maneno ya chini yake: "Mgonjwa wetu wa kwanza kando ya ziwa, kijana aliyepigwa na umati kwa kuiba injini." Akaninyooshea mkono. "Na leo yuko nasi! Amepona, na mambo yale ameyaacha!"

Watu wakapiga makofi, wakanizunguka kunitazama.

"Nyathina, mwanangu, sema," mama akaninong'oneza.

Ulimi ukaganda tena. Nikaung'oa ule ubao nikaupiga kwenye kiti, ukapasuka, nikaupiga tena. Wageni wakakimbia. Askari wa mlangoni akanikaba shati shingoni, mwenzake akainua rungu.

"Si usoni!" daktari akapiga kelele. "Mna chuma mle!"

Rungu likabaki juu. Nikasema, "Sikuiba. Injini ilianguka majini yenyewe."

"Mbona hukuniambia wakati ule?"

"Daktari, ulinifunga mdomo kwa waya."

Hakuna aliyecheka. Daktari aliokota kipande cha ubao, akatoa kalamu mfukoni, akayakata yale maneno.

"Na spika?" mama akauliza. "Wewe ulisema kwa spika, baba."

Daktari akachukua spika, akasema kwa Kiingereza, polepole, kwamba sikuiba.

"Kwa Kiswahili, daktari," mama akasema. "Halafu kwa Dholuo. Watu wa Asembo wamekaa pale nyuma."

Kiswahili alikisema vizuri. Dholuo si lugha ya kwao, kwa hiyo mama alimtamkia, naye akamfuata: "Ok en jakuo." Si mwizi. Mara ya kwanza aliivuruga, na mtu wa nyuma akamwambia arudie. Akarudia mpaka ikatoka sawasawa.

Hapo ndipo askari alipoliachia shati langu.