Mama Mkwe Alitafuta pa Kuchomeka Mkanda, Nikanyamaza

Nimekosa. Naanza hapo hapo, maana nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi kwa kujitetea ni bingwa. Nilimvunja mama mkwe wangu bega, halafu nikamsingizia. Jina langu liacheni. Wa Musoma wakisoma watanijua tu, na wakinijua basi, nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi ni fundi wa siti kava. Nashona kava za viti vya magari, nina kibanda changu hapa Iringo, Musoma mjini, cherehani moja, mkasi na mdomo. Kazi yangu inasifiwa jamani, sidanganyi. Mteja analeta gari viti vimechanika sponji inatoka nje, namrudishia siti imenyooka mpaka anaogopa kukaa.

Sasa hapo kwenye kunyooka ndipo ubaya wangu ulipo. Kiti cha nyuma kina vile vishikizo vya mkanda, vile unachomeka ulimi wa chuma mpaka unasikia ta! Ukitaka vitokeze juu ya kava, inabidi ukate matundu, uyashonee ukingo, upime yakae sawasawa. Ni kazi ya nusu siku. Mimi nilikuwaga navisukumia chini, navifunika, kava inapita juu safi. Nani anafungaga mkanda nyuma? Trafiki mwenyewe anachunguliaga mbele tu! Basi mbele naacha, nyuma nafukia. Nimewafanyia hivyo watu wengi, na gari langu mwenyewe nililifanyia hivyo hivyo.

Siku yenyewe nilikuwa Bunda. Mvua zilikuwa zimeanza kunukia, na plau la shemeji yangu, lile jembe la kukokotwa na ng'ombe, lilikuwa limekufa. Shemeji ni kaka wa mke wangu, anaishi na mama yao mbele ya Butiama, ukielekea Buhemba. Nikasema nitampelekea plau jipya, na mifuko miwili ya saruji ya jiko la mama. Nionekane mkwe! Nisidanganye, moyo wangu ulikuwa kwenye kuonekana.

Mke wangu alishatangulia kijijini. Akanipigia.

"Baba Neema, mama yuko hapo Bunda kwa mama mkubwa. Kwa kuwa unakuja, mpitie."

"Mimi na mama? Wawili tu?"

"Sasa apande basi na gari lipo? Atakaa nyuma. Na nimeshampigia, nimemwambia akiingia afunge mkanda. Najua wewe huwezi kumwambia."

Kwa wasiojua, kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Humtazami usoni, humpi mkono, hukai naye kiti kimoja mkapiga stori. Mkikutana njiani unapisha. Watu wa mjini siku hizi wamelegeza, lakini mama mkwe wangu ni wa zamani. Tangu nimemuoa binti yake, maneno yetu yalikuwa yanapitia kwa mke wangu kwanza. Mke wangu ndiye alikuwa daraja, na siku hiyo daraja halikuwepo.

Tukapakia dukani. Mzee wa mkokoteni ndiye alinibebea, mtu mzima, mvi kichwani. Nikaulaza mgongo wa kiti cha nyuma upande wa kushoto ili plau lienee. Saruji nikaiweka chini, plau nikaliweka juu ya saruji. Unajua kwa nini juu? Lisikwaruze kava zangu! Nikalitandikia na boksi kabisa, kama mtoto mchanga.

Yule mzee akaniangalia. "Mwanangu, chuma hakikai juu hivyo. Kilaze chini, mfuko mmoja ukizuie kwa mbele. Halafu ukifunge kamba. Kamba hii hapa."

"Mzee, ni hapo tu Butiama."

"Na breki nayo itauliza unaenda wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia shida yake anataka kuniuzia kamba. Akasema, "Sikuuzii, chukua." Nikapanda gari nikaondoka. Kamba ya bure, jamani! Niliikataa kamba ya bure.

Nikamkuta mama mkwe nje kwa dada yake, amejifunga kitenge, mkoba mkononi, ananisubiri kwa kutazama pembeni. Nikamsalimia nikiwa nimeinama, akaitikia akiwa ameangalia ukuta. Akaingia nyuma yangu mimi dereva, kile kiti kimoja kilichobaki, plau limelala ubavuni kwake, mikono yake ya chuma imeelekea mbele.

Nikakaa. Macho yangu yakaenda kwenye kioo cha ndani, kile cha kuonea nyuma, nikakutana na uso wake. Loh! Aibu ilinipanda! Nikakipindua kioo kikaangalia juu huko. Nikajiona nina adabu kweli. Kumbe nimejitoa macho, maana tangu hapo mzigo ungeweza kucheza ngoma nyuma yangu nisijue.

Kabla hatujatoka Bunda nikasikia krrr. Mkanda unavutwa. Halafu mkono unapapasa juu ya kava, sii sii sii. Anatafuta pa kuchomeka. Mkanda ukarudi, krrr. Akavuta tena. Akapapasa tena, pole pole, kama mtu anayetafuta sindano mkekani.

Mimi nilijua kabisa kishikizo kiko wapi! Kilikuwa chini ya paja lake la kushoto, kimefunikwa na kava niliyoishona kwa mikono yangu hii. Ningesimama ningefanya nini? Ningefungua mlango, niiname pale alipokaa mama mkwe wangu, nichane kava? Nione haya, yeye aone haya. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba kava ilikuwa mpya, na roho iliniuma kuichana.

Mama mkwe akazungumza. Si na mimi, aliongea na dirisha.

"Huu mkanda sijui unachomekwaga wapi."

Na mimi nikaujibu usukani. "Nyuma hakunaga shida. Ni hapo tu."

Maneno hayo ndiyo yananiamsha usingizini mpaka leo. Mambo yote niliyowahi kusemezana na yule mama bila mtu katikati, ndiyo hayo tu.

Tukaenda. Trafiki mmoja njiani akatupungia tupite, mimi wa mbele nimefunga mkanda vizuri, naonekana raia mwema. Gari nyuma lilikuwa limekaa chini kwa ule uzito, usukani mwepesi, naona kabisa, lakini nakanyaga mafuta. Tukaiacha lami kuu, tukaingia barabara ya Butiama. Nilikuwa nawaza watakavyonipokea. Nilikuwa nawaza shemeji atakavyolishika plau.

Ng'ombe wakatokea kwenye kichaka cha mkono wa kushoto. Si mmoja, kundi. Nikakanyaga breki kwa miguu yote.

Gari lilisimama. Ng'ombe hata mmoja sikumgusa! Nikashusha pumzi, nikasema ahsante Mungu. Lakini ndani ya kile kishindo cha kusimama nilikuwa nimesikia kitu kinateleza nyuma yangu, kisha kiti changu kikapigwa teke kubwa, kisha sauti. Ilikuwa sauti ya mama yangu mkwe ikiita jina la mama yake mzazi.

Sikugeuka upesi. Hata pale, jamani, nilisita kumtazama.

Nilipogeuka nilimkuta amerushwa kwenye mgongo wa kiti changu, na plau limempanda mgongoni likamlalia bega la kulia, mkono wake wa chuma umeingia katikati yetu. Hakuna kilichokuwa kimelizuia. Boksi langu la kutandikia lilikuwa limeteleza nalo kama sabuni.

Nikashuka, nikafungua mlango wake. Ndipo nikaona mkono wake. Alikuwa ameuzungusha mkanda kwenye kiganja, mara mbili, ameukumbatia kifuani. Alipokosa pa kuuchomeka, aliushika kwa mkono! Binti yake alimwambia afunge mkanda, na yeye akatii kwa namna aliyoiweza.

Wenye ng'ombe walikuwa wanakuja wanakimbia. Na mimi, kabla hawajafika, nikaushika mkono wa mama mkwe wangu nikafungua vidole vyake kimoja kimoja. Nikautoa mkanda. Nikauachia ukarudi, krrr.

Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahigi kumgusa. Mara ya kwanza kumgusa ilikuwa ya kuficha kosa langu. Hiyo nimemwambia hata padri.

Wale wenye ng'ombe walinisaidia kuliondoa plau. Mimi nilikuwa nawafokea! "Mnaswagaje ng'ombe barabarani?" Wao wananiambia pole. Tukamkimbiza hospitali. Bega lilikuwa limevunjika vibaya, na mshipa wa mkono umeumia. Daktari alisema mkono utapona ila hautakuwa ule wa zamani.

Mke wangu akafika analia. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Alifunga mkanda?"

Nikajibu, "Alikataa."

Neno moja tu. Lilitoka lenyewe, laini, kama nimelikariri.

Mke wangu akaingia ndani, mimi nikabaki nyuma ya pazia. Nikamsikia anamgombeza mama yake, palepale kitandani, dripu inaning'inia. "Mama, si nilikuambia? Si nilikupigia simu? Ubishi wako huu utatuua!" Shemeji naye alipokuja akaimba wimbo huo huo. Majirani nao. Kila aliyekuja kumpa pole alimuachia na somo la ukaidi. Na yeye kimya. Mimi nikajua ananihifadhi. Nikajiambia mama ni mtu wa heshima, hawezi kumuaibisha mkwe wake mbele za watu. Nikajificha ndani ya heshima yake, nikapata joto kabisa.

Mkono ule haupandi juu ya bega mpaka leo. Mama yule alikuwa akisonga ugali wa mtama mwiko unalia. Sasa hawezi kusonga. Analishwa na wakamwana, anaambiwa "kaa tu mama", na yeye ni mtu ambaye hakuwahi kukaa.

Mimi nikarudi kibandani nikaendelea kushona. Na kufukia vishikizo nikaendelea! Unadhani nilijifunza? Mkono ulishazoea.

Kilichonivunja ni mteja mmoja, mama mwenye watoto watatu. Nimemkabidhi gari, amefurahi, anazunguka anaangalia. Akaingia nyuma. Nikasikia krrr. Halafu nikasikia kiganja kinapapasa juu ya kava, sii sii sii.

"Fundi, mbona sioni pa kufungia watoto?"

Nilikaa chini kwenye vumbi pale pale mbele ya kibanda, watu wakadhani nimeshikwa na malaria. Nikaomba mkasi. Nikachana ile kava mpya mbele ya macho yake, hakuelewa, nikamwambia nitakushonea nyingine bure. Kesho yake alfajiri nikaondoka kwenda kwa wakwe.

Nikawakuta wanachambua mchicha nyuma ya nyumba, mke wangu na kaka yake. Mke wangu alikuwa kwao wiki ile, anamsaidia mama kuoga. Mama alikuwa jikoni, lile jiko la saruji yangu, ukuta mmoja katikati yetu. Nikasema nisimame wapi? Nikasimama hapo hapo uani, nikasema yote, kwa sauti, ili ukuta nao usikie. Kava. Kishikizo. Kamba ya yule mzee. Kioo. "Hakukataa mkanda. Alitafuta pa kuuchomeka akakosa, mkaona ni mkaidi. Niliutoa mkononi mwake mimi mwenyewe. Nilidanganya."

Shemeji alisimama. Nilijua ananipiga, na nilitaka anipige. Hakunipiga. Alikwenda bandani, akalitoa lile plau, akaliweka miguuni kwangu. "Ondoka na chuma chako."

Mke wangu alikuwa hanitazami. Anarudia jambo moja tu: "Nilimgombeza mama yangu. Na dripu mkononi. Nilimgombeza mama yangu."

Nikawa nangoja mama mkwe aseme kitu. Niliamini atasema alijua, kwamba alinisamehe zamani, kwamba alikuwa ananisitiri. Nilikuja na hilo tumaini mfukoni, sifichi.

Kuku walikuwa mlangoni pa jiko. Mama akawatupia mtama kwa mkono wa kushoto, na akazungumza nao wale kuku, pole pole.

"Kumbe kilikuwepo. Na mimi nilisema ni uzee. Nilisema ni mikono yangu imeshindwa kujua kutafuta."

Basi. Hakuwa ananisitiri hata siku moja! Miezi yote ile, walivyokuwa wanamgombeza, alinyamaza kwa sababu aliamini wana haki. Aliamini kosa ni lake.

Mke wangu hajarudi Musoma. Tunaongea habari za ada na homa za watoto, basi, simu inakatwa. Sijui kama atarudi, na sina uso wa kumuuliza. Plau lipo kibandani kwangu, nimelisimamisha mlangoni. Wateja wanauliza fundi, umeanza kulima? Nawaambia kaeni niwaeleze. Wote niliowashonea nawatafuta, anayekuja namkatia matundu, namshonea ukingo, simtozi kitu. Kuna ambao sijawapata. Hao ndio wananinyima usingizi, maana wanapakia watoto wao na madumu yao na mahindi yao, wanasema ni hapo tu.

Ndugu yangu unayesoma, chuma kilaze chini, kizito kikae karibu na mgongo wa kiti, ukifunge kamba hata kama unakwenda nyumba ya pili. Kioo chako usikigeuze kwa ajili ya heshima ya mtu yeyote. Na kama umeshonewa kava, iwe na mimi iwe na fundi mwingine, shuka sasa hivi nenda ukakae nyuma. Uvute mkanda, utafute pa kuchomeka.

Usipopaona, usiseme ni mikono yako.