Jiwe Ambalo Fundi Hakulipasua

Kila asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha, fundi wa kukata mawe alilishika jiwe lake la kijivu kwa mikono miwili, akaliinamisha kushoto, akaliinamisha kulia, sikio kalibana juu yake. Kisha akalirudisha kwenye rafu, juu ya kitambaa, akavaa aproni. Miaka kumi na tisa. Mkewe alisema yeye hajawahi kusikilizwa hivyo hata siku ya posa.

"Mjomba wako ana subira mno," alimwambia mpwa wa fundi, binti mkimya aliyefanya kazi katika maktaba ya chuo kilekile alichofanyia kazi fundi. "Jiwe analingoja miaka. Chai ikichelewa dakika mbili, nyumba haikaliki."

Chuo kilimpa fundi chumba nyuma ya maabara, chenye msumeno wa maji na dirisha moja, awapasulie wanafunzi mawe yenye uvungu. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Lava ilipoganda, hewa iliyonaswa ndani iliacha tundu. Maji yakapenya tone kwa tone, yamebeba madini, yakaacha utando ukutani, utando juu ya utando, hadi fuwele zikachomoza kuelekea katikati, zina pembe, zinameta kama chumvi ya mawe. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki kilitaka maelfu na maelfu ya miaka.

Akaja mkuu mpya wa idara, mtu wa mawazo makubwa na viatu vinavyolia. Mawe hakuyajua, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu kuyaongoza. Ijumaa kulikuwa na wageni, naye alilitaka jiwe la kijivu lipasuliwe mbele yao.

"Hilo hapana, mkuu. Yapo mengine sita."

"Hayo madogo. Kwani hilo umeliweka au umelioa?"

"Nalisikiliza."

"Basi sikiliza na hili. Ijumaa likatwe, au ufunguo wa chumba uwe mezani kwangu."

Kila mtu alijua fundi atakata. Nani mwenye akili timamu anaacha chumba kwa ajili ya jiwe? Mkewe alishampigia pasi shati jeupe la kusimamia msumeno.

Ijumaa wageni walipigia makofi utepe, kisha hotuba, ambamo mkuu alieleza kwamba fuwele huiva kwa siku tatu, hali ya hewa ikiruhusu. Msumeno ulikuwa umefunikwa. Ufunguo ulikuwa mezani kwake, umepanguswa mafuta vizuri.

Binti alimkuta mjomba wake langoni, yuko na fulana, jiwe kalifunga ndani ya shati jeupe. Mkewe alikuwa ametangulia, kwa mwendo wa mtu aliyeweka akiba ya maneno. Binti alikuwa amesoma kila kitabu cha mawe pale maktaba, na hakuwahi kumuuliza mjomba lolote. Leo aliuliza.

"Mjomba, kwa nini hukulipasua?"

Fundi alimsogezea jiwe sikioni, akaliinamisha. Ndani, kitu kilicheza.

"Bado lina maji," alisema. "Halijamaliza."