Washa ya Siku Tatu

Niliwahi kuwa afisa taarifa wa mradi wa maji hapa Dodoma, kazi iliyotaka ujue Kiswahili kingi na maji kidogo. Tulikuwa na magari matatu, kiyoyozi cha kuumiza meno, na bosi aliyefuta neno "tatizo" kila alipoliona, akaandika "changamoto".

Nikatumwa kijiji kimoja mbele ya Hombolo, ambako pampu ya mkono ilikuwa imekufa. Kina mama walikuwa wakichimba mchanga wa korongo kutafuta maji, na korongo lenyewe lilikuwa linakauka. Nikamkuta fundi wa pampu, mzee wa Kigogo asiye na maneno mengi, ameifungua.

"Shikamoo, mzee. Mnahitaji nini?"

"Marahaba. Washa tu, mwanangu. Hii imeisha."

Washa ni kile kipande cha duara cha ngozi kinachobana maji yapande bombani. Kinaenea kiganjani. Pampu ilikuwa ya wafadhili waliotangulia, na vipuri vyake waliondoka navyo. Ngozi ya mbuzi wao walishaijaribu, ikaoza. Nikaandika: kijiji kinaomba washa. Bosi akasoma, akatabasamu kwa ile huruma ya waliosoma, akanichomekea r.

"Ni warsha, dada. Tuandike Kiswahili sanifu."

Nafasi ya kumsahihisha nilikuwa nayo. Lakini mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, nikanyamaza, ukaongezwa, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Warsha ikafika baada ya miezi mitatu, korongo limeshakauka kabisa. Walikuja wawezeshaji wawili kutoka Dar es Salaam, na turubai, jenereta, projekta, na gari zima la maji ya chupa. Mada ilikuwa umiliki wa jamii katika huduma endelevu za maji. Mwezeshaji mkuu alifungua kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", mara tano, utadhani anagombea ubunge. Fundi akanyoosha mkono.

"Mmekuja na washa?"

"Tumekuja nayo, mzee! Ya siku tatu."

Mzee akamkodolea macho. "Siku tatu tu? Ile ya zamani ilikaa miaka sita."

Mwezeshaji akaandika ubaoni: wananchi wanataka warsha za muda mrefu. Watu wakapiga makofi, maana chai ilikuwa inaletwa.

Siku ya mwisho kila mshiriki alipewa cheti na mkoba wa ngozi halisi wenye nembo ya mradi. Fundi akaupapasa wake, akaunusa, akaukunja, akatoweka kabla ya sala ya kufunga. Tulipokuwa tunakunja turubai tukasikia vigelegele. Alikuwa ameukata mkoba katikati ya nembo, akapata duara lake, akalipaka mafuta na kulitia kwenye pampu. Maji yakatoka! Bosi alikimbilia huko na kamera, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope.

Nikaandika taarifa: warsha imeleta maji. Katika kazi yangu yote pale, sikumbuki kuandika sentensi nyingine ya kweli.

Wafadhili walifurahi mno, wakatuongezea mwaka mzima. Ila waliagiza tubane matumizi. Bosi na wenzake wakajifungia hotelini siku mbili kutafuta pa kubana, wakapapata: mikoba.

Ngozi ile nayo ikaisha, na ya mikoba mingine ya kijiji ikafuata. Fundi akanipigia simu.

"Mwanangu, pampu imekufa tena. Mikoba mnaleta lini?"

"Mzee, mwaka huu mikoba haipo. Tunaleta warsha tu."

Nyuma yake nilisikia wanawake wakibishana zamu ya kushuka korongoni.

"Basi msije," akasema.

Tulikwenda. Siku tatu, na maji yetu ya chupa, na mimi nilikuwemo.