Kikombe cha Mama Kapinga

Asubuhi moja ya mvua hapa Kolwezi hainitoki kichwani, mwanangu, na kwa kuwa umeanza kazi katika chumba cha watoto wachanga, ni haki uisikie kutoka kwa mtu aliyekuwapo.

Nilikuwa karani kijana katika hospitali moja ya mtaa wa Manika. Enzi hizo sakafu zilinukia sabuni, wauguzi walivaa aproni zilizopigwa pasi, na saa ya chai tuliketi pamoja, kila mtu na kikombe chake. Sijafanya kazi mahali pengine ninapopakumbuka kwa mapenzi kama pale. Aliyependwa kuliko wote alikuwa Mama Kapinga, mtunzaji wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Aliwaimbia Kiluba hadi wakakubali kunyonya.

Asubuhi hiyo aliinama kumwinua mtoto, akapiga ukelele. Chini ya aproni, malengelenge yalikuwa yametambaa upande mmoja, kutoka mgongoni hadi kifuani. Ilikuwa zona, ambayo wengine huiita mkanda wa jeshi. Alikuwa ameifunika kwa vitambaa kwa kuogopa midomo ya watu, huku akiendelea kuwapakata wachanga wale.

Midomo nayo haikuchelewa. Saa ya chai, kikombe chake kilikuwa kimetengwa dirishani peke yake.

"Ni sida ile," muuguzi mmoja alinong'ona, akimaanisha UKIMWI. "Mi sigusi tena kitu yake."

"Na ikizunguka kifua yote, anakufa," akadakia mwenzake.

Mama Kapinga alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Tata Ilunga, mkuu wa wauguzi, hakupandisha sauti. "Nani hapa aligonjwaka varisele mu butoto?" Alimaanisha tetekuwanga. Tulinyoosha mikono sote, hata mimi karani.

"Basi njo vile. Ile magonjwa haikutokaka. Inalala mu mwili yenu, siku moja inaweza kuamuka, inakuwa zona. Sasa munasema nani?"

Akakichukua kikombe kile dirishani, akajimiminia chai, akanywa taratibu. Kisha akamgeukia mwenye kikombe.

"Mama, kosa yako ni moja: kutuficha. Batoto yako habayagonjwa varisele bado. Maji ya ile bidonda inaweza kubapatia, na bo ni bazaifu. Enda kwa munganga, halafu upumuzike kwako mpaka bidonda bikauke. Kazi yako inakungojea."

"Kweli, Tata?"

"Kweli. Na kikombe pia, lakini nitakuwa nainywea."

Tulicheka, naye akacheka huku akilia. Alirudi vidonda vilipokauka, akaimba tena. Hakuna mtoto aliyeugua. Hiyo ilikuwa neema tu, wala tusijisifu kwayo.

Leo nasikia wapo wakuu wanaomwita muuguzi mwenye zona mchafu, kisha wanashangaa anapoificha. Nimestaafu, lakini hasira juu ya jambo hilo haijastaafu. Anayeaibishwa atajificha, na atakayelipa ni mtoto aliye mikononi mwake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukihisi moto upande mmoja wa mwili na malengelenge yakatokea, sema siku hiyo hiyo. Waone waganga wa hospitali, pima kila watakachokushauri, na usiwakaribie wachanga mpaka vidonda vikauke. Akiugua mwenzako, mlindie nafasi yake na jina lake.

Mungu aibariki mikono yako na kila mtoto itakayempokea. Na siku utakayorudi kutoka kuugua, ukute kikombe chako mezani, katikati ya vikombe vya wenzako.