Mguu wa Mkubwa Kwenye Breki

Toroli la chuma lilikuwa na sauti yake. Asubuhi ukiwa getini, hata kabla hujazisikia mashine za kusokota, ulisikia matoroli yakikwaruza saruji, halafu kimya, halafu mtu akitukana. Kile kimya ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Toroli lilikuwa limegoma, na watu wawili walikuwa wanalibembeleza litoke.

Nawasikia wenzangu wa rika langu wakisema kila kitu cha zamani kilikuwa imara. Ni kweli, kilikuwa imara, na mimi mwenyewe miaka ile ya Ujamaa naikumbuka kwa mapenzi mpaka wanangu wananicheka. Lakini hao hawakusukuma toroli lililojaa bobini, vile vigogo vya kuviringishia uzi, kwenye kiwanda chetu cha nguo pale Morogoro. Magurudumu yake yalikuwa chuma kitupu, upana wake hauzidi kisosi, yamekazwa yatazame mbele tu. Kulipitisha kona ilibidi mmoja alinyanyue mkia kwa nyonga. Na nyuzi! Kila uzi uliodondoka sakafuni ulikwenda kujisokota kwenye ekseli, mpaka gurudumu likawa haliviringiki tena, linaburuzwa tu. Jumamosi tulilala chini ya matoroli tukiwa na nyembe, tukikata nyuzi zile zilizogandamana na grisi, huku tunaimba. Nyimbo bado ninazo zote. Maumivu ya mgongo nimeyasahau, au labda nimeyazoea.

Mwenzangu wa toroli alikuwa mama yangu mdogo. Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mdogo wa mama ni mama, hakuna cha kupunguza. Yeye ndiye aliyenichukua nyumbani, nikiwa nimemaliza darasa la saba, akanileta mjini kwenye vyumba vyake viwili mtaa wa Mafiga, na baadaye akanitafutia nafasi kiwandani. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndizi tangu utotoni, na ulimi ambao hata msimamizi alijipanga kabla ya kuukabili. Mume alikuwa naye zamani. Alipoulizwa habari zake alijibu, "Yupo huko," akielekeza mkono upande wowote.

Alikuwa na kauli moja ambayo aliirudia mpaka ikawa kama salamu ya nyumbani. Kila walipokuja ndugu kutoka mlimani na mizigo ya kabichi na maharage ya kuuza sokoni, wakamuuliza atarudi lini, alisema, "Nitarudi. Lakini nikirudi, nirudi kwa miguu yangu." Hakutaka kurudishwa. Zile zilikuwa siku ambazo mtu wa mjini asiye na kazi aliweza kusimamishwa njiani na mgambo, akaulizwa kazi yake iko wapi, na akikosa jibu akapandishwa gari kupelekwa kijijini. Mama mdogo hakukidharau kijiji. Alichoogopa ni kufika pale akiwa mzigo wa watu.

Na magoti yake yalikuwa yanakwisha.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo mambo haya hayaeleweki. Kule mlimani hakuna tambarare, unajua. Hata mgomba umesimama upande. Watu wawili wakiteremsha kitu kizito, iwe gogo, mbao au jiwe la kusagia, mkubwa hushika upande wa chini. Uzito wote humwegemea wa chini, na mguu ukiteleza wa chini ndiye anayeangukiwa. Kwa hiyo mtoto hapewi upande ule. Hakuna anayekufundisha jambo hilo kwa maneno. Unakua unaona migongo ya wakubwa ikiwa chini yako, basi.

Kiwanda chetu nacho kilijengwa mahali penye mwinamo. Ukumbi wa kusokotea uzi ulikuwa juu, ukumbi wa kufumia ulikuwa chini, na katikati palikuwa na mteremko wa saruji uliopasukapasuka. Wafanyakazi wanawake wengi tulitoka mlimani, na bila kuambiana tulikuwa tumeihamishia desturi yetu pale. Mkubwa alikaa mbele ya toroli, upande wa chini, akirudi kinyumenyume huku akilivuta na kulipokea kwa mapaja na magoti. Mdogo alisukuma kwa nyuma. Kwa toroli la chuma haikuwa hatari sana, kwa sababu lilikuwa zito la kugoma, hata kwenye mteremko lilisimama lenyewe. Lakini kila mara lilipokwama kwenye ufa na kuchomoka ghafla, liligonga magoti ya mama mdogo. Jioni nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Alikunja uso na kusema, "Kanda, usinihurumie."

Ikafika wakati msimamizi akaanza kumwangalia. Hakusema neno baya, alikuwa mtu mstaarabu, ila siku moja alituambia kwamba wale ambao hawamudu tena kusukuma watazungumziwa. Sote tulijua neno lile, "watazungumziwa", maana yake ni kuachishwa kazi. Tulitembea mpaka Mafiga siku ile bila yeye kumtania hata muuza karanga.

Basi ukaja mkutano wa wafanyakazi. Wakati ule tuliambiwa kiwanda ni chetu, na wengine waliamini kuliko wengine. Mama mdogo aliamini. Alisimama, akashika mgongo wa kiti kwa sababu ya magoti, akasema, "Ndugu mwenyekiti, mimi naomba kuuliza. Tunasukuma uzi, au tunasukuma toroli? Maana toroli likiwa tupu bado ni zito. Hatuwezi kupata magurudumu yanayozunguka kama ya watu?"

Watu walipiga makofi na vigelegele. Mwenyekiti akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi, kwamba magurudumu ya namna hiyo yanatoka nje na fedha za kigeni hakuna. Tulikuwa tunaijua habari hiyo, kwa sababu hata sabuni ilikuwa inatafutwa. Lakini fundi mkuu wa karakana, mtu mrefu aliyesomea ng'ambo na asiyependa mikutano, aliinua mkono kutoka nyuma. Akasema wampe toroli moja na mpira wa matairi mabovu ya malori, aone.

Alichukua muda, na sisi tulimtania sana. Tulipopita karakana tuliuliza, "Fundi, mtoto hajazaliwa?" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Uchungu bado." Nilipenda kupita pale. Palinuka mpira uliopashwa moto na chuma kilichokatwa, na kwa nje milima ilikuwa imejifunika wingu kama kawaida yake. Hata leo nikisikia harufu ya mpira moto moyo wangu hurudi pale mlangoni.

Toroli lilipotoka, tulilizunguka kama bibi harusi. Magurudumu yalikuwa makubwa mara mbili ya yale ya zamani, yamevishwa mpira, na ndani yake yamewekwa beringi zilizotolewa kwenye mashine chakavu. Mawili ya nyuma yalikaa kwenye shingo iliyozunguka, ukitaka kona unasukuma tu ubavuni nalo linakufuata. Pembeni ya kila gurudumu palikuwa na kifuniko cha bati, uzi usiingie. Na kwa nyuma, usawa wa kifundo cha mguu, palikuwa na kipande cha chuma cha kukanyaga. Ile ndiyo breki. Fundi alitukusanya akasema waziwazi, "Hili linakwenda lenyewe. Kwenye mteremko mtu asikae mbele. Wote nyuma, na mmoja mguu wake uwe karibu na breki."

Mama mdogo aliitikia pamoja nasi. Alilisukuma kwa kidole kimoja, toroli likasogea, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe ndivyo?" alisema. "Kumbe miaka yote ndivyo?" Akageuka upande mwingine akajifuta kwa ncha ya kanga.

Siku ya kwanza tulipewa sisi, kwa heshima ya swali lake. Tulilijaza bobini, tukalitoa ukumbi wa juu, halikukwaruza wala kulalamika. Watu waliacha mashine kuja kuangalia. Tulipofika kwenye mteremko, mama mdogo aliacha mkono wa toroli, akazunguka, akaenda kusimama mbele.

Nilimwambia, "Mama, wamesema tuwe nyuma."

Aliniangalia kana kwamba nimetukana. "Tuwe nyuma sote, chini awe nani? Wewe?"

Wala hakungoja jibu. Alishika ukingo, akakaza magoti yale mabovu, akasema, "Haya, leta." Sikusukuma. Naapa sikusukuma, toroli lenyewe lilivuka mwanzo wa mteremko kwa uzito wake. Kwa hatua chache alirudi kinyumenyume kama siku zote. Halafu hatua zikawa za haraka, halafu kandambili moja ikamtoka, na nikaona uso wake juu ya bobini ukibadilika. Nyuma yake, kule chini, palikuwa na ukuta wa ukumbi wa kufumia. Hapakuwa na kingine.

Nilikuwa nimening'inia kwenye mkono wa toroli, linaniburuza, mguu wangu unatafuta kile chuma na kukikosa. Nilikipata. Nilikikanyaga kwa uzito wangu wote, toroli likasimama ghafla, na bobini za safu ya juu zikammwagikia mama mdogo kichwani na mabegani. Alikaa chini, mgongo wake ukiwa umegusa ukuta. Magurudumu yalikuwa mbele ya nyayo zake.

Watu walipiga kelele. Fundi alikuja mbio kutoka karakana na bisibisi mkononi. Mimi sikuweza kuutoa mguu kwenye breki. Waliniambia niachie, limeshasimama, wameweka na tofali, lakini mguu ulikataa.

Alinyanyuliwa, akakung'utwa, akavaa kandambili yake. Alilitazama toroli akalitukana kwa Kiluguru, tusi ambalo sitaliandika kwa kuwa wajukuu wanasoma. Kisha tukaendelea na kazi.

Njiani kurudi Mafiga jioni ndipo aliposema nami. Tulikuwa tumepita nyumba za mwisho za barabarani, yeye mbele mimi nyuma, akasimama. "Unajua nilipokuwa pale ukutani niliwaza nini? Sikuwaza kufa. Niliwaza nitarudishwa nyumbani nimebebwa." Akanishika mkono. "Wewe umeniokolea miguu yangu, na mimi nimekukasirikia tangu asubuhi. Sijui kwa nini." Nikamwambia hata mimi nilikuwa na hasira naye. Tukasimama pale tukishikana mikono katikati ya njia, baiskeli zikitukwepa na kutupigia kengele.

Kesho yake, mbele ya mteremko uleule, alikuja nyuma. Nilikuwa nimeshaweka mguu wangu jirani na breki. Akanisukuma kwa nyonga, ile ya kunyanyulia toroli la zamani.

"Sogea," alisema. "Breki ni ya mkubwa."

Nikasogea. Tuliteremka bega kwa bega, yeye akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia, taratibu kama mtu anayepuliza uji wa mtoto. Matoroli mengine yalipotengenezwa, wanawake wote wa mlimani walifanya vilevile. Mtu akiingia kazini jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa umri, ijulikane nani ana breki. Wale waliotoka mikoa mingine walitucheka, ila nao wakafuata. Na habari ya watu "kuzungumziwa" sikuisikia tena, kwa sababu kulisukuma toroli lile hata mwenye magoti mabovu aliweza.

Alifanya kazi mpaka akastaafu kwa heshima zake. Siku ya kurudi nilimsindikiza hadi Mkuyuni, na kutoka pale akaianza njia ya mlimani. Nilitaka kumshika mkono, akaukataa. Alipanda polepole, akipumzika kila penye jiwe, akiwasalimia watu wa mashambani kwa sauti kubwa ili wamwone. Alifika kwenye ardhi ya mama yake akiwa amesimama. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha kama ile.

Aliishi kule miaka mingi. Kisha ikaja homa iliyomlaza, na zahanati ikasema apelekwe mjini. Tulimteremsha kwa machela, kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili. Vijana walikuwa wawili kwa juu. Kwa chini alisimama kijana mwingine, na mahali pa pili palikuwa wazi. Nikaenda. Walinizuia, wakasema bibi acha, nguvu huna. Niliuinamia mti wa machela nikauinua. Mama mdogo aliinua kichwa, akaniona mgongo.

"Mbona uko chini?" aliuliza.

"Sasa mkubwa ni mimi, mama."

Akalaza kichwa, tukateremka mpaka barabarani.

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda chenye magurudumu ya mpira, yenye shingo za kuzunguka, mazuri kuliko yetu. Kwenda wodini palikuwa na ujia wenye mteremko. Muuguzi, binti mdogo mwenye haraka, alipita mbele ya kitanda, akashika chuma cha miguuni, akaanza kukivuta huku anarudi kinyumenyume. Mama mdogo alikuwa amefumba macho tangu tulipoingia. Aliyafumbua.

"Binti," alisema, na sauti ilikuwa ileile ya mkutanoni. "Ondoka mbele. Wote nyuma."

Binti alicheka, akaniangalia, kisha akatii. Alikuja nyuma, akasimama ubavuni kwangu. Nikamsogeza kwa nyonga, nikaweka mguu kwenye breki.