Ng'ombe wa Baba Kule Busale

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi ile bibi yangu alipomfunga mdogo wangu mgongoni, tukatoka Mwaya kwa miguu kwenda Busale kudai ng'ombe. Mama alikuwa amekufa kwa homa, na mtoto alikuwa bado wa kunyonya.

Ilikuwa wakati wa vita, Mdachi akichukua wanaume wambebee mizigo ya askari. Baba alipoitwa, alimkabidhi rafiki yake wa Busale ng'ombe wa maziwa mbele ya mashahidi. Wakapatana hivi: rafiki anywe maziwa, lakini baba akifa, ng'ombe arudi kwetu atutunze. Majirani walisema anajitabiria kifo. Baba zangu wadogo walinuna, wakidhani anawaficha mali. Mimi mpaka leo nasema alifanya vizuri. Kuwaandalia watoto chakula hakujamuua mtu yeyote ninayemjua.

Kosa lilikuwa kwingine. Mama alikuwa Mkisi, mfinyanzi kama wanawake wengi wa kabila lake. Alizungusha vyungu vyake vijijini, na aliyetaka chungu alikijaza mahindi, ndiyo bei yake. Tulikula kwa mikono yake, vita iwepo au isiwepo. Lakini hakuna aliyeuliza, je, huyu naye akifa? Na alipokufa, baba zangu wadogo walituambia tukamuulize aliyepewa ng'ombe.

Rafiki wa baba alitupokea vizuri, kisha akakataa.

"Mama, mwanao yu hai. Tulipatana akifa. Nikimtoa ng'ombe leo, akirudi si ataniita mwizi?"

Hakuwa mtu mbaya. Alishika neno lake, na hilo ndilo lililokuwa linatuua.

Bibi hakubishana. Alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza mapajani mwa yule bwana. "Ndaga, asante. Basi kaa naye, mngojee pamoja baba yake afe."

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Niliogopa atakufa pale pale, mbele ya ng'ombe wetu. Mwishowe mke wa yule bwana alitoka ndani na kibuyu cha maziwa, akamwambia mumewe, "Mfungue ng'ombe. Mwenyewe akiuliza, mwambie ni mimi."

Baba alirudi amekonda, anachechemea. Alipomwona ng'ombe uani kwetu alikasirika. "Nani kawaambia nimekufa?" Bibi akamwonyesha kaburi la mama kwenye migomba. Baba alikaa chini kando ya kaburi.

"Nilidhani ni mimi tu ninayeweza kufa," alisema.

Sasa wewe unaoa, mwanangu, na siku hizi jambo hili mnaliita bima. Usiseme wewe bado kijana. Mama yangu alikuwa kijana. Usiseme ndugu watalea, maana ndugu nao wana watoto wao na kununa kwao. Wala usijiandikishe peke yako kwa sababu mshahara unauleta wewe. Mtazame mkeo anayelima, anayepika na kulea, ujiulize pengo lake litazibwa na nini. Tena masharti yasomwe yote, naye akiwa amekaa hapo anasikia, maana mwenye kukutunzia atatoa kwa lile mlilopatana tu. Mke wa yule bwana hutamkuta katika kila ofisi.

Kyala, Mungu wetu, awape umri mrefu nyote wawili, na hiyo akiba ikae bila kuguswa mpaka watoto wenu wawe hawaihitaji tena.