Ndege ya Salum Kutoka Nairobi

Jamani, habari hii ningependa izikwe na mimi, lakini kwa kuwa nusu ya mtaa wetu wa Dunda waliiona kwa macho na nusu nyingine wamehadithiwa na chumvi juu yake, bora niiseme mwenyewe.

Mume wangu Salum alikwenda Nairobi kujifunza ufundi wa simu, ndoa yetu haijatimiza mwaka, na kwenda alikwenda kwa basi na gari moshi, akilala njiani usiku baada ya usiku. Miezi tisa baadaye ikaja habari kwamba anarudi kwa ndege, ataondoka Alhamisi asubuhi, na kwa kuwa mtaani kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege (tulizipungia mikono tu zikipita juu), kila mtu akaniuliza mimi: atafika lini? Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, akaniambia, "Mwanangu, si uende posta ukamuulize karani?" Nami, kwa kuona haya kuwa sijui safari ya mume wangu, nikajibu kama niliyezaliwa uwanja wa ndege: "Hakuna haja, mama. Nairobi mbali. Ndege itaingia Dar es Salaam magharibi, atalala huko, sisi tumtegemee Ijumaa."

Basi Alhamisi nikaifanya siku ya matayarisho. Nikafua kanga zangu zote nikazianika, nikavaa kanzu kuukuu ya Salum, nikajipaka liwa, ule unga wa mti wa kunukia, uso mzima mpaka shingoni, nywele nikafumua upande mmoja, wa pili bado. Hapo ndipo jogoo wa pilau alipokata kamba akatoka mbio, nami nyuma yake (ningefikiri kidogo ningemwacha), watoto wanashangilia, wauza samaki wananielekeza "Huko, huko!", mpaka kituoni, jogoo akajichomeka chini ya basi lililokuwa ndiyo kwanza linasimama kutoka Dar es Salaam.

Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa. Mbele yangu viatu vyeusi vya abiria aliyeshuka vinang'aa, nikajua huyu mkubwa wa serikali. "Shikamoo baba," nikasema kwa adabu, "sogeza mguu kidogo nimkamate kuku wangu."

"Marahaba," ikajibu sauti, kisha ikasita. "Mwanaidi?"

"Siye!" nikasema. (Wallahi, ndivyo nilivyosema.)

Abiria wakaangua kicheko hadi dereva akashuka kutazama. Kumbe ndege ilichukua mwendo wa saa mbili tatu tu! Bwana kanywa chai Nairobi, katua Dar es Salaam jua halijawa kali, kapanda basi, na adhuhuri ndiyo kwanza inaadhiniwa. Miezi tisa namsubiri, na hivi ndivyo anavyonikuta! Nikalia, machozi yakachimba mifereji kwenye liwa. Salum alinivika koti lake, akalala kifudifudi na suruali yake mpya, akamtoa jogoo, akamkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika mimi, mbele ya watu wote, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakuwa wakilifanya, tukaenda nyumbani hivyo hivyo.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi toka juu hadi chini. "Ijumaa imewahi wiki hii," akasema, akanikumbatia, liwa na vumbi na yote.

Tangu hapo Salum akisafiri, hata Fukayosi tu hapo jirani, siku ya kurudi alfajiri nimeshaoga, nimesuka, nimevaa, na mtu akiniuliza atafika saa ngapi, namjibu bila haya: sijui.